Kibodi na Kidole cha Mwisho

Kibodi za swichi zitumikazo Kisumu aghalabu hufika kwa basi la usiku kutoka Nairobi, zikiwa zimeagizwa kwa simu katika maduka ya barabara ya Luthuli na mnunuzi ambaye hajapata kuzigusa, na ambaye katika ihtiyari yake ameongozwa na picha ya vitufe vinavyomeremeta na neno moja la rafiki: chukua ya buluu, au chukua nyekundu. Asubuhi huupokea mzigo wake stendi, huufungua kwa furaha, na kabla ya juma kupita ama majirani wameanza kunung'unika kwa kelele, ama viungo vya vidole vimeanza kumuuma, ama herufi ambazo hakuzikusudia zinajitokeza katika kila mstari. Muuzaji hakumdanganya, wala kibodi si mbovu. Yaliyokosekana ni maarifa ya kile kidude kilicho chini ya kila kitufe, kiitwacho swichi, ambacho namna zake hazifanani tabia, hata ile inayomfaa mchezaji wa usiku huenda ikamtaabisha karani wa mchana, ijapokuwa karani na mchezaji ni mtu mmoja.

Nawaandikia wawili hao. Wa kwanza ni mchapaji: karani wa wakili, mwanafunzi wa Maseno au wa Bondo anayehangaika na tasnifu, na kijana aliyejipatia riziki kwa kazi za mtandaoni, kuwaandikia watu makala na kunakili mazungumzo yaliyorekodiwa, kazi ambazo serikali ya Kenya ilizipigia debe kwa mpango wake wa Ajira Digital ulioanza mwaka 2016. Wa pili ni mchezaji wa michezo ya kompyuta, na hapa sina budi kutenga: vibanda vya michezo vya Kondele na Manyatta aghalabu huchezesha mpira kwa pedi za PlayStation, na wenye kucheza huko hawana haja na ushauri huu. Namkusudia yule achezaye Counter-Strike, Dota na mfano wake, ambaye vidole vyake vya kushoto hukaa juu ya W, A, S na D mpaka jogoo awike.

Kibodi ya bei nafuu, ile inayokuja pamoja na kompyuta ya ofisi, haina swichi ndani yake. Chini ya vitufe vyake hulazwa kipande kimoja cha mpira chenye vinundu vilivyo wazi kwa ndani, na mchapaji sharti azamishe kila kitufe hadi mwisho ndipo herufi itokee. Mpira huo ukizeeka hulegea mahali na kukaza mahali, na vidole havipati tena jawabu moja. Kibodi ya swichi ni kinyume chake, maana kila kitufe kina chombo chake kinachojitegemea. Ichukue swichi moja, uifungue kwa ncha ya bisibisi ndogo, utakuta vitu vinne: ganda lenye nusu mbili, mhimili wa plastiki wenye kichwa cha umbo la msalaba, springi, na vibapa viwili vya madini, vyembamba mno, ambavyo mguu wa mhimili huvitenga visigusane. Kidole kinapobonyeza, mhimili huteremka, mguu wake ukaondoka njiani, vibapa vikakutana, na papo hapo kompyuta ikapata habari. Kidole kinapoachia, springi huurudisha mhimili juu na vibapa vikaachana. Tofauti kubwa zinazotangazwa madukani chini ya rangi na majina mengi, ukizichunguza, zinatokana na umbo la mguu ule na nguvu ya springi ile.

Swichi ya umbo hili ilitolewa na kampuni ya Cherry mwanzoni mwa miaka ya 1980. Cherry ilianzishwa Marekani na Walter Cherry mwaka 1953, ikaja ikahamia Ujerumani, na ndiyo iliyoeneza desturi ya kuzijua swichi kwa rangi ya mhimili. Hataza yake ilipokwisha muda, viwanda vya Uchina, kama Gateron, Kailh na Outemu, vilijaza soko kwa swichi za umbo lilo hilo na rangi zizo hizo, na hizo ndizo zilizoshusha bei hata kibodi hizi zikaingia vyumbani mwa wanafunzi. Si za kudharauliwa. Baadhi yake huteleza vizuri kuliko asili yake. Walakini rangi si sheria, na nyekundu ya kiwanda kimoja si lazima iwe na uzito wa nyekundu ya kingine, basi muulize muuzaji jina la kiwanda pamoja na rangi, na akishindwa kulitaja, mtilie shaka.

Nyekundu ndiyo sahili ya zote. Mguu wake umenyooka, haina kikwazo njiani wala sauti ya makusudi, na kidole huteremka kwa mwendo mmoja. Ile ya Cherry hushika baada ya milimita 2, kwa nguvu ipatayo uzito wa gramu 45, na hufika mwisho kwa milimita 4. Nyeusi ni dada yake mwenye springi nzito, takriban gramu 60. Kahawia mguu wake una nundu, na mchapaji huihisi nundu hiyo kabla tu ya herufi kutokea, kama tairi la baiskeli linapopita juu ya kamba iliyolazwa barabarani. Hakuna mlio, ila kidole kimepewa habari kwamba kazi imekwisha na hakina haja ya kuendelea hadi chini. Buluu ina nundu na mlio pamoja. Mhimili wake ni vipande viwili, na kimoja huruka ghafla na kugonga ndani ya ganda, ndiyo maana ya ule mlio unaosikika chumba cha pili. Iko na ya fedha, iliyobuniwa kwa ajili ya haraka, ambayo hushika kwa milimita 1.2 tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye kutoa nasaha za kibodi hawalizingatii, kwa sababu wengi wao huandika Kiingereza. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulianzishwa na Christopher Latham Sholes wa Marekani katika miaka ya 1870, kwa ajili ya taipureta ya watu wa Kiingereza, na katika mpangilio huo herufi A imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kupita vyote. Kwa Mwingereza dhara si kubwa, maana herufi anayoirudia zaidi ni E, ambayo huangukia kidole cha kati chenye nguvu. Kwa mwandishi wa Kiswahili mambo ni mengine kabisa, kwani hakuna herufi anayoiandika mara nyingi kuliko A. Itazame sentensi hii ya kawaida ya ofisini: tafadhali wasilisha maombi yako kabla ya saa nane mchana. Ina herufi 48, na katika hizo 15 ni A. E imejitokeza mara moja tu. Hesabu ukurasa mzima kwa namna hiyo, kisha hesabu siku nzima ya karani, utaona jinsi mzigo wa lugha yetu ulivyotupwa juu ya kidole kisichokuwa na kosa lolote. Na mwenye kuandika majina ya huku ziwani, Lwang'ni, Nyang'oma na mengineyo mengi, hukitaabisha pia kidole cha mwisho cha kulia, kwa kuwa ile alama inayokaa baada ya ng hubonyezwa na hicho.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, na ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko nyingine, ni kwamba swichi ipimwe kwa kidole cha mwisho. Mnunuzi aingiapo dukani hubonyeza vitufe viwili vitatu kwa kidole cha shahada, akiwa amesimama, na kwa kidole hicho swichi yoyote ni nyepesi. Akae kitako, aweke mikono yote miwili mahali pake pa kuchapia, kisha aandike A kwa kidole chake halisi mara nyingi mfululizo, na baada ya hapo aandike aya nzima ya Kiswahili anayoijua kwa moyo. Akiona kidole cha pete kinajongea kuja kumsaidia mwenzake, au mkono mzima unainuka ili kuongeza uzito, springi hiyo ni nzito kwake, hata kama ameipenda kwa sauti na sura.

Kwa kipimo hicho, nyeusi siipendekezi kwa mwandishi wa Kiswahili wa kutwa nzima. Wako watu wenye mikono mizito wanaoimudu, lakini ni wachache, na aghalabu ni wale wanaogonga vitufe kwa vidole viwili, ambao kidole cha mwisho hawakipi kazi. Ya fedha nayo siipendekezi kwa sababu iliyo kinyume: hushika mapema mno, na kidole kilichotua juu yake kupumzika, huku mwenyewe akitafakari neno, huweza kumletea herufi asiyoitaka. Mchapaji wa kawaida namshauri kahawia, au swichi nyingine yenye nundu isiyozidi gramu 55, kwa sababu nundu humfundisha pole pole kutozamisha kila kitufe hadi chini, na pigo lile la chini ndilo linalochosha viungo vya vidole mwishoni mwa siku. Akiona nundu inamkera, nyekundu nyepesi haitamdhuru, maadamu awe na mkono wa taratibu.

Buluu ina mashabiki wake, na baadhi ni makarani wakongwe waliojifunza kazi kwa taipureta, ambao sikio lao limezoea kupewa ripoti ya kila herufi. Siwalaumu. Hata IBM ilipotoa kibodi yake mashuhuri ya Model M mwaka 1985 iliifanya iwe ya kulia, kwa springi inayopinda na kugonga, na wako mpaka leo wanaozitafuta na kuzitunza. Lakini chumba cha kupanga cha Nyalenda, chenye ukuta wa bati baina yako na jirani anayeamka alfajiri kwenda Kibuye sokoni, si mahali pa kibodi ya buluu saa saba ya usiku. Mwenye kunakili mazungumzo husahau jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa yeye mwenyewe ameziba masikio kwa visikizi na haisikii kelele anayoifanya. Kadhalika mchezaji anayezungumza na wenzake kwa maikrofoni huwamiminia mlio ule masikioni mwao bila ya kujua. Aipendaye buluu na ainunue siku atakayokuwa na nyumba ya mawe, au ofisi ya peke yake. Wengine na waulize habari za swichi zilizonyamazishwa, ambazo mhimili wake huvikwa vipande vya mpira ndani ili usigonge ganda. Kidole huzihisi zimepoa kidogo, lakini nyumba hulala.

Nimekwisha kumsema mchapaji kwa urefu, na mchezaji ataona nimempuuza. Shauri lake linaanzia mbali na kibodi. Yule aliye tayari kutoa fedha nyingi ili apate swichi inayoshika kwa milimita 1.2 badala ya 2, ajiulize ananunua nini hasa. Ile milimita 0.8 iliyookolewa, kwa kidole chenye kasi, ni milisekunde chache tu. Ilhali seva za Counter-Strike na Dota zilizomo Afrika ziko Johannesburg, umbali upatao kilomita 3,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya waya wa kioo huchukua takriban milisekunde 5 kwa kila kilomita 1,000. Hivyo habari ya kidole chake kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 30 hata kama waya ungenyooshwa kutoka mezani kwake hadi huko. Nao haukunyooshwa. Aghalabu hupita Nairobi, huteremka Mombasa, na kutoka hapo huzama baharini, na bahari ina mambo yake: mwezi Mei 2024 waya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki yote, na hakuna swichi iliyomfaa mtu siku hizo.

Kwa hiyo kabla ya kibodi, mchezaji anunue waya wa mtandao wa mita kumi, aunganishe kompyuta yake na ruta moja kwa moja, aachane na waifai inayogawanywa na nyumba nzima, na apatane na wenzake wa nyumbani wasipakue filamu saa za mchezo. Hiyo ndiyo milisekunde ya bei rahisi. Hata hivyo insafu yanitaka niseme na upande wa pili: ucheleweshaji wa mtandao, ukiwa thabiti, mchezaji huuzoea, na katika mashindano ya chumba kimoja, ambapo kompyuta zote zimeunganishwa kwa nyaya fupi, hauko tena, na hapo tabia ya swichi hujitokeza waziwazi.

Hujitokeza vipi? Kwanza, katika kurudia. Buluu, kwa ajili ya kile kipande chake kinachoruka, huachia juu zaidi ya pale inaposhika, hivyo kidole sharti kipande hadi pahali pa juu kabla ya kubonyeza mara ya pili; anayetaka kugonga kitufe kimoja mara mbili kwa haraka atakuta pigo la pili limepotea. Nyekundu hushika na kuachia karibu pale pale, na ndiyo sababu wachezaji wa bunduki huipenda. Pili, katika kukosea. Mchezaji wa Dota, ambaye nguvu moja ya shujaa wake ikitumiwa kwa bahati mbaya humgharimu pambano zima, hufaidika na nundu ya kahawia, kwa kuwa kidole hupewa onyo kabla ya jambo kutendeka. Sioni haja ya kubishana ipi ni bora kwa michezo, maana michezo yenyewe haidai kitu kimoja.

Katika miaka ya karibuni imeenea namna nyingine, ya sumaku, isiyokuwa na vibapa vya kugusana. Msingi wake ni jambo lililogunduliwa na Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879, kwamba sumaku ikikaribia mkondo wa umeme huusukuma upande. Ndani ya mhimili hutiwa kipande cha sumaku, na chini yake huwekwa kipimo kinachojua kila wakati mhimili uko kina gani. Hivyo mwenyewe huchagua, kwa programu, kitufe kishike wapi, kuanzia milimita 0.1 hadi karibu na mwisho. Kampuni ya Wooting ya Uholanzi ndiyo iliyoipa sifa, hususan kwa hila yake ya kukifanya kitufe kihesabiwe kuwa kimeachiwa mara tu kidole kinapoanza kuinuka, popote kilipo. Katika Counter-Strike, ambako mwenye kukimbia hawezi kupiga sawasawa mpaka asimame, na husimama kwa kuachia D na kugusa A, faida hiyo si ya kubuni. Lakini ipo mipaka ya haki: mwezi Agosti 2024 Valve, wenye mchezo huo, walipiga marufuku katika seva zao zile njia zinazomfanyia mchezaji kazi hiyo wenyewe, kibodi ikichagua kati ya vitufe viwili vinavyopingana kwa niaba ya kidole chake, na atakayekutwa nazo hutolewa mchezoni. Basi anayenunua kibodi ya sumaku na aizime hila hiyo kabla ya kuingia uwanjani. Ile ya kuachia mapema haikuharamishwa.

Kwa yule aliye karani mchana na mchezaji usiku, na mwenye fedha, sumaku ni jawabu zuri, kwani huweza kuiweka milimita 2 kwa kazi na nusu milimita kwa mchezo, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Fauka ya hayo haina vibapa vya kushika kutu. Taksiri yake ni mbili: karibu zote huteremka bila nundu, na swichi zake hazibadilishwi na hizi za kawaida, hivyo moja ikiharibika utangoja ya jamii ile ile itoke mbali.

Nimetaja kutu, na hapa ziwa linaingia katika shauri. Anayekaa karibu na maji, Dunga au Usoma, anawajua wale wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa makundi, aghalabu siku za mwezi mwandamo, wakasukumwa na upepo mpaka nchi kavu na kuivamia taa yoyote iliyowashwa. Kibodi yenye taa chini ya vitufe, iliyowekwa mbele ya dirisha lililo wazi kwa ajili ya joto, ni taa iliyowashwa. Huwaita, hutua, hufa, na miili yao hujipenyeza kati ya vitufe ikavunjika unga. Unga huo, pamoja na vumbi na unyevu, ukifika kwenye vibapa huleta maradhi ya herufi kujirudia, kidole kimebonyeza mara moja na kompyuta ikahesabu mbili. Na katika Kiswahili maradhi haya ni ya hatari kuliko yanavyoonekana, maana mashine ya kusahihisha tahajia haitakushtua ukiandika habari ya mgonjwa anayekufa ikasomeka anayekufaa. Zima taa za kibodi usiku. Ifunike kwa kitambaa ukimaliza, leso kuukuu yatosha, na kila baada ya majuma machache ng'oa vitufe kwa koleo lake la plastiki, ipindue kibodi, upapase mapengo kwa brashi kavu, na vitufe uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uvianike vikauke kabisa. Swichi zenyewe usizitie maji, wala usizipulizie mafuta ya kulainishia bawaba, ambayo fundi wa pikipiki atakusihi uyajaribu. Huteleza siku mbili, kisha hunasa kila vumbi lipitalo. Na anayekula samaki wa kukaanga mbele ya kompyuta na anawe mikono kwanza. Simkatazi samaki.

Yamebaki ya kununua. Neno la kuwa kibodi ina hisia ya mashine, lililoandikwa sandukuni kwa herufi kubwa, aghalabu lina maana kwamba si ya swichi, bali ni ile ya mpira iliyopambwa. Mwombe muuzaji ang'oe kitufe kimoja akupigie picha kwa karibu: ukiona ganda dogo la mraba na mhimili wa rangi wenye umbo la msalaba, ni swichi, ukiona bomba tupu la plastiki linaloingia ndani ya kibodi, ni mpira. Anayenunua kibodi za mitumba zilizotoka ofisi za Uingereza, na zimo nyingi mjini, ajue kwamba alama ya @ na ile ya kufungulia maneno zimebadilishana nafasi kwa kulinganisha na zile za Kimarekani, na sharti alinganishe mpangilio katika kompyuta yake, la sivyo hata anwani yake ya barua pepe itamshinda.

Jambo la kuuliza kabla ya yote ni kama swichi zinatoka kwa kuchomoa, bila ya kuyeyusha risasi. Kibodi ya namna hiyo, kwa maoni yangu, inastahili kuongezewa fedha, kwa sababu moja ikiugua huitoa mwenyewe ukatia nyingine, na kwa sababu ya pili ambayo ni bora zaidi: huna lazima ya kuweka swichi za uzito mmoja chini ya vidole visivyokuwa na nguvu moja. Wajapani wa kampuni ya Topre wamekwisha kulifanya hili kiwandani, wakatoa kibodi za Realforce ambazo vitufe vya vidole vya mwisho vina uzito wa gramu 30 na vya vidole vya kati gramu 45. Wewe wa Kisumu waweza kulifanya mezani pako kwa swichi chache nyepesi za nyongeza: zitie chini ya A, chini ya Q na Z, na chini ya ile alama ya ng', ukiziacha nyingine kama zilivyo. Uliza pia kama matundu ni ya pini tatu au tano. Swichi ya pini tano haiingii katika matundu ya tatu mpaka ukate vipini vyake viwili vya plastiki, kazi isiyo ngumu kwa mkasi wa kucha, lakini usikate vile vya madini.

Kibodi hizi ni nene kuliko ya kompyuta ya mapajani, na aliyezoea ile ataona viganja vimepinda kwenda juu. Usiinue miguu yake ya nyuma, ijapokuwa imewekwa pale kama kishawishi. Ilaze, na chini ya viganja uweke kitambaa kilichokunjwa mpaka mkono unyooke na kigasha. Meza ikiwa juu sana, inua kiti.

Mzigo ukifika stendi, usitoke mbali nao kabla ya kutazama kama sanduku limebonyea. Nyumbani, kabla ya kubadilisha chochote, fungua karatasi tupu katika kompyuta, ubonyeze kila kitufe mara kumi, pamoja na vile usivyovitumia kamwe, ukitazama kama kuna kinachoruka au kinachojirudia, na ushikilie W, A na kile cha nafasi kwa pamoja uone kama vyote vitatu vinasomeka. Kukiwa na ila, mpigie muuzaji siku hiyo hiyo, ukiwa na picha na stakabadhi. Sanduku na plastiki zake viweke juu ya kabati mpaka muda wa dhamana upite, maana wauzaji wengi hawapokei kibodi iliyorudishwa ndani ya mfuko wa sokoni.